Namba ya Nyuma ya .so Si Umri



Leo sitaongea mihogo. Wengi hapa wananijua kama mtu wa mbegu na udongo, na mara ya mwisho niliandika kitu juu ya kompyuta kuna yaya mmoja aliniuliza kama nimeacha shamba. Sijaacha. Shamba njo lilinileta kwenye hii mambo.

Ilikuwa wiki mbili mbele ya kutetea mémoire yangu. Nilikuwa na pointi za GPS za mashamba zaidi ya mia moja, huko milimani pembeni ya Bukavu, na nilitaka kuziweka kwenye ramani ndani ya R. Kwa kazi hiyo kuna paketi inaitwa sf. Kuishusha kwenye intaneti na kuijenga inakula mega, na mega ni makuta. Basi nikafanya ile siye wote tunafanya: mwenzangu wa promosheni alikuwa nayo tayari kwenye mashini yake, akanikopia folda nzima kwenye flash. Yeye alikuwa na Ubuntu 20.04, mimi 22.04. R yetu ilikuwa toleo moja. Nikasema, imeisha hiyo.

Nikafungua. R ikanijibu kwamba libgdal.so.26 haiwezi kufunguliwa, faili kama hiyo haiko. Nikatafuta kwenye mashini yangu, nikaona niko na libgdal.so.30. Nilicheka hata. 30 si inapita 26? Ni kama mtu anaombwa diplome d'État, anaonyesha ya lisansi, wanamfungia mlango.

Yule yaya wa Linux tunayemkimbiliaga wote (kila promosheni iko naye mmoja) akaniambia: "Mdogo yangu, hiyo ni dakika moja. Tengeneza kiungo tu, uipatie 30 jina la 26." Nikafanya. R ikalalamika tena: libproj.so.15 haiko. Nilikuwa na libproj.so.22. Nikatengeneza kiungo kingine. Sasa ikafunguka, pointi zikatokea kwenye ekrani, nikamtumia yaya ujumbe wa kumshukuru. Kisha nikaiomba ibadilishe digrii kuwa mita, ili nipime eneo la kila shamba. R ikakufa palepale, pamoja na kazi ya asubuhi nzima ambayo sikuwa nimehifadhi.

Tangu siku ile nimesoma mingi juu ya ginsi maktaba hizi zinapewa majina, na nimefika kwenye maoni yangu. Desturi yenyewe ni nzuri, nzuri kupita vile watu wanaitendea. Lakini ilivalishwa nguo ambazo zinadanganya kila mtu anayeiona mara ya kwanza, na hakuna mlinzi aliyewekwa kuichunga.

Kwa wale ambao hawajawahi kugusa mambo haya, maelezo mafupi. Maktaba ya pamoja ni kama mulin ya kartye. Kila nyumba hainunui mashini yake ya kusaga. Wote wanapeleka mahindi fasi moja. Programu kumi zinazotaka kusoma ramani hazibebi kila moja kodi yake ya kusoma ramani, zinatumia faili moja ya GDAL. Disiki inapumua, na kosa likirekebishwa kwenye mulin, unga wa kila nyumba unakuwa safi siku ileile. Lakini mwenye mulin akibadilisha kipimo bila kusema, kila nyumba inapika vibaya siku ileile pia.

Jina la faili hiyo linaanza na lib, linafuata jina lenyewe, kisha .so, kisha namba. Ile lib haitamkwi wakati wa kujenga programu: ukitaka maktaba ya hesabu, libm, unaandika -lm, na kiunganishi chenyewe kinaongeza lib mbele na .so nyuma. Watu wa mradi wa GNU walichezea jambo hilo. Wako na maktaba inayoitwa libiberty, jina baya kabisa, ila ukiiomba unaandika -liberty, yaani uhuru. Sijui kama kuna mzaha mwingine uliodumu hivyo ndani ya majina ya faili.

Maktaba moja ina majina matatu kwa kweli. Kuna jina refu la faili yenyewe, lenye namba zote. Kuna jina fupi bila namba, libgdal.so, ambalo linatumika siku ya kujenga programu tu. Na katikati kuna jina la ndani, lile lililoandikwa ndani ya faili kwa alama ya SONAME, na kwa kawaida liko na namba moja tu: libgdal.so.30. Hili la katikati njo lenye uzito. Siku programu inajengwa, kiunganishi kinasoma jina hili ndani ya maktaba na kulinakili ndani ya programu, kama mtu anayeandika kwenye daftari: "mimi nimezoea kusaga kwa huyu." Siku programu inaanzishwa, kipakiaji kinasoma daftari na kutafuta faili yenye jina hilo. Ukiandika readelf -d kwenye faili yoyote ya aina hii utaona yote mawili, jina lake na majina ya wale inaowahitaji. Fanyeni hata leo, haiombi mega.

Sasa ile namba inasema nini? Haisemi maktaba iko na miaka ngapi. Haisemi ni nzuri ginsi gani. Inasema kitu kimoja: mapatano yetu na programu ni haya. Kama mwenye maktaba anaongeza kazi mpya, au anarekebisha kosa bila kugusa yale ambayo programu zilizokwisha kujengwa zinategemea, namba inabaki. Siku anaondoa kazi fulani, au anabadilisha mpangilio wa vitu ndani ya kumbukumbu ya mashini, namba lazima ibadilike. Kwa hiyo 30 si mkubwa wa 26. Ni mtu mwingine wa ukoo uleule.

Na uzuri wake uko hapo. 26 na 30 zinaweza kukaa pamoja kwenye mashini moja bila kugombana, programu ya zamani ikienda kwa 26 na mpya ikienda kwa 30. Wale waliotumia Windows ya miaka ya 1990 wanakumbuka ilivyokuwa: programu mpya inaleta faili yake ya DLL, inafunika ile ya zamani yenye jina lilelile, na programu nyingine tatu zinakufa. Majina yenye namba ya Unix yanasaidia kuepuka hali hiyo.

Kuna maktaba zinazoheshimu mapatano vizuri sana. libcurl, ile programu nyingi zinatumia kushusha vitu kwenye intaneti, ilifika namba 4 mwaka 2006. Mwaka 2023 curl ilitoa toleo 8, na maktaba ilibaki libcurl.so.4. Kwa miaka yote hiyo ziliongezwa kazi mingi, na programu iliyojengwa zamani haikuombwa kujengwa upya. Mtu asiyejua akiona 4 atafikiri wamelala. Kumbe wametimiza neno.

Mfano ninaoupenda kupita zote uko ndani ya sf yenyewe. Wakati libgdal na libproj zilinifungia mlango, kulikuwa na maktaba ya tatu ambayo haikulalamika hata kidogo: libgeos_c.so.1. GEOS ni ya kuhesabu maumbo, kama shamba hili linagusana na lile, eneo lao la pamoja ni ngapi. Wenye GEOS waliona mapema kwamba kodi yao ya C++ itabadilika kila toleo na hawawezi kuahidi kitu juu yake. Wakafanya faili mbili. Moja, libgeos_c, ni lango dogo la C ambalo wanalichunga kama jicho, na namba yake ni 1 kwenye Ubuntu 20.04 na 1 kwenye 22.04. Nyingine inabeba kodi ya ndani, na jina lake linabeba toleo zima: kwenye 20.04 ilikuwa libgeos-3.8.0.so, namba ikiwa mbele ya .so badala ya nyuma. Hiyo namba ya mbele ni njia ya kusema: hapa hatuahidi kitu, ukishika hapa utashika toleo hili peke yake. Ninaona huo ni ukweli wa hali ya juu. Ahadi pale wanapoweza, na tangazo la wazi pale hawawezi.

Basi kasoro ziko wapi?

Kwanza ni nguo. Ulimwenguni kote namba zenye nukta katikati zinasema toleo: 1.0, 2.3, 20.04. Ukimuonyesha mtu libkitu.so.4.1.2 atasoma "toleo la 4.1.2", na hana kosa. Kumbe kuna chombo kinaitwa libtool, kinachotumika na miradi mingi, ambacho kinaomba mwandishi aseme namba tatu za maana nyingine kabisa: mapatano ya sasa ni ya ngapi, yamerekebishwa mara ngapi bila kubadilika, na yanarudi nyuma mapatano mangapi. Ukisema 5:2:1, kwenye Linux faili inatoka na .so.4.1.2, kwa sababu namba ya kwanza ni tano kutoa moja. Maelekezo ya libtool yenyewe yanakataza kabisa kuweka hapo toleo la mradi. Lakini ukishona koti la polisi na kumvalisha mpishi, usishangae watu wakimletea kesi. Miradi mingi imeweka toleo lake hapo, na itaendelea.

OpenSSL ilinifundisha zaidi. Hii ni maktaba inayofunga mazungumzo ya siri kwenye intaneti, hakuna mashini isiyo nayo. Toleo 1.0.0 lilitoka na jina la ndani libssl.so.1.0.0. Likaja 1.0.1, na jina likabaki libssl.so.1.0.0. Likaja 1.0.2, jina bado lilelile. Kwa mapatano walikuwa sawa kabisa, juu hawakuvunja kitu. Lakini mtu anayesikia kwamba kuna tundu la usalama kwenye 1.0.1, akiangalia faili yake na kuona 1.0.0, atafikiri nini? Kisha wenye kusambaza mifumo wakaingia, kila mmoja na sababu yake. Red Hat waliiita libssl.so.10. Debian 9 ilikuwa nayo kama libssl.so.1.0.2. Kwa hiyo kodi ya ukoo uleule wa 1.0.2 ilikuwa na majina matatu kufuatana na fasi unaishi, na programu iliyojengwa fasi moja haifunguki nyingine. Hapa namba haikueleza mapatano wala toleo. Ilieleza tu nani alikujengea. Leo wanaandika libssl.so.3, namba moja tu inayolingana na toleo kubwa, na mtu anaelewa bila kuuliza. Walichelewa, ila walifika.

Na libc.so.6? Hii ni mama ya zote, maktaba ya C ya GNU, kila programu ya Linux ya kawaida inaiita. Toleo lake ni 2 na kitu. Sita inatoka wapi? Inatoka kwenye ugomvi wa zamani. Watu wa Linux walichukua GNU libc ya 1, wakaenda nayo njia yao, wakafika libc.so.5. Mwaka 1997 GNU libc 2 ilitoka ikiwa imara, Linux ikarudi nyumbani kwa GNU, na jina likabidi liwe tofauti na 5. Likawa 6, na 6 iko hadi leo. Ni namba ya mapatano ya kweli, yenye historia ya familia ndani yake kama jina la ukoo. Hiyo siilalamikii. Ninachosema ni kwamba mwanafunzi wa kwanza anayeona 6 na kusoma 2.35 kwenye maelekezo ya mashini ileile haambiwi na mtu yeyote kwamba hizo ni hesabu mbili tofauti.

Kasoro nyingine iko palepale kwenye libc. Namba moja ya mapatano inasema "sijavunja cha zamani". Haisemi "niko na kila kipya". Tuseme umejenga programu yako kwenye Ubuntu 22.04, hata ile ndogo ya kuandika jambo kwenye ekrani, ukaipeleka kwa mwenzako wa 20.04. Jina linalingana, libc.so.6 hapa na libc.so.6 kule. Kipakiaji kinafungua mlango, kisha ndani kinasema GLIBC_2.34 haiko. Watu wa glibc wanaandika toleo kwenye kila kazi ndani ya maktaba, na hiyo ni kazi nzuri sana, njo sababu programu za zamani zinaendelea kuishi. Lakini maana yake ni kwamba jina la nje limebaki kama bango la duka, na bei za kweli ziko ndani.

SunOS ya miaka ya 1980 ilikuwa na jibu kwa hili, na OpenBSD bado inalishika: namba mbili kwenye jina, ya kwanza kwa kuvunja, ya pili kwa kuongeza. Programu inayoomba ya pili kubwa kuliko uliyo nayo, unaijua shida yako kwa kusoma jina tu. macOS nayo inaandika ndani ya faili toleo la chini linalokubalika, na kwa jina inaweka namba kabla ya mwisho, libz.1.dylib. Linux ilichagua kubeba uzito huo ndani, kwenye kila kazi, na kwa wataalamu ni bora. Kwa siye tunaobeba vitu kwenye flash, OpenBSD ingetusemesha mapema.

Kasoro ya tatu inanigusa kama mtu wa kilimo. Siye tumezoea majina yanayobadilika wakati kitu hakibadiliki. Tomate, Linnaeus aliiita Solanum lycopersicum mwaka 1753. Miller akaitoa, ikawa Lycopersicon esculentum mwaka 1768, na vitabu vya walimu wetu wengi vimeiandika hivyo. Leo imerudishwa kwa Solanum. Tomate yenyewe haikujua kitu, iliendelea kuzaa. Kwa maktaba shida inakuwa kinyume: kitu kinabadilika, jina linabaki.

Mwaka 2015 GCC 5 ilileta umbo jipya la maneno na orodha katika C++. Maktaba nyingi za C++ zilipojengwa upya zikawa haziongei tena na programu za zamani, ingawa mwandishi wa maktaba hakugusa hata mstari mmoja. Yeye hana sababu ya kubadilisha namba yake, juu ni mjenzi aliyebadilika. Debian walifanya nini? Waliacha jina la faili, wakabadilisha jina la paketi, wakaweka v5 nyuma. Mwaka 2024 ikarudi. Kuna mashini za biti 32 ambazo saa yao itajaa tarehe 19 Januari 2038, basi kwenye ARM ya biti 32 wakapanua kipimo cha wakati kuwa biti 64. Mamia ya maktaba yalibadilika ndani. Faili iliendelea kuitwa libssl.so.3, lakini paketi ikawa libssl3t64. Ukiona t64 kwenye Ubuntu 24.04 yako, ni kovu la operesheni hiyo.

Ninawaheshimu Debian kwa uaminifu huo. Lakini angalieni ukweli umeandikwa wapi: kwenye karatasi ya mzigo, si kwenye mzigo. Anayepokea kwa njia ya paketi analindwa. Anayepokea faili mkononi, kama mimi na flash yangu, halindwi na kitu.

Na sasa nirudi kwa yule yaya na kiungo chake, kwa sababu hapa njo ninaweka lawama kubwa kupita nyingine zote. Nilipompatia 30 jina la 26, jina la kweli lilikuwa bado limeandikwa ndani ya faili: SONAME, libgdal.so.30. Kipakiaji kilitafuta 26, kikakuta kiungo kinaitwa 26, kikafungua. Hakikulinganisha jina la mlangoni na jina la ndani. Habari zote za kujua kwamba nimedanganya zilikuwa mkononi mwake, na hakuziangalia. Mtu anaingia kwenye egzame na karti ya mwanafunzi mwingine, picha iko juu ya karti, na msimamizi anasoma jina tu. Ninajua watetezi watasema kiungo ni cha mwenye mashini na mwenye mashini ana haki ya kufanya atakavyo. Sawa. Ningeridhika na mstari mmoja wa onyo.

Mimi nilikuwa na bahati kwa sababu R ilikufa kwa kelele. Fikirini kama isingekufa. GDAL 3 ilitoka mwaka 2019 na ilibadilisha jambo moja kubwa kwa wenye ramani: kwa mfumo wa kawaida wa digrii, ilianza kufuata mpangilio rasmi, latitudo kwanza kisha longitudo, wakati programu nyingi za zamani zilizoea kinyume. Namba ya maktaba ilibadilika, kutoka 20 ya GDAL 2 hadi 26, kama inavyotakiwa. Sasa chukua programu iliyoandikwa kwa desturi ya zamani, uilazimishe kwa kiungo kutumia mpya, na tuseme haikufi. Bukavu iko kwenye 2.5 kusini na 28.8 mashariki. Zigeuze, na shamba langu la maharagwe linaangukia 28.8 kaskazini na 2.5 magharibi, ndani ya Algeria, kwenye mchanga. Hiyo utaiona kwa macho. Lakini ukiwa unahesabu tu umbali na mteremko bila kuchora ramani, utapata namba, utaziweka kwenye jedwali, na jury haitajua. Wala wewe.

Kwa hiyo ile shauri ya "tengeneza kiungo tu", ambayo inazunguka kwenye kila gurupu la wanafunzi wa Linux, naiona mbaya kuliko kukosa programu. Yaya wangu alinijibu kwamba yeye amefanya hivyo mara mingi na inatembeaga. Ni kweli inatembeaga. Mara mingi kati ya 26 na 30 sehemu unayoitumia haikuguswa. Lakini wewe hujui ni sehemu gani, na mwenye maktaba, ambaye anajua, alikuandikia kwenye jina kwamba usijaribu.

Upande wangu, jibu lilikuwa la kuchosha tu. Nilikopa makuta, nikanunua mega, nikafuta viungo vyote viwili, nikaweka paketi za kujengea za GDAL, PROJ na GEOS, na kuijenga sf upya kwenye mashini yangu. Courant ilikatika mara mbili. Mara ya tatu nilienda kwa rafiki mwenye groupe, mashini ikajenga saa ya usiku wakati siye tunakula. Ilipomaliza niliandika ldd kwenye sf.so, na niliona majina matatu: libgdal.so.30, libproj.so.22, libgeos_c.so.1. Lile la tatu halikubadilika tangu flash ya mwenzangu. Digrii zikawa mita bila kelele. Nilitetea siku iliyopangwa.

Flash ile bado inazunguka kati ya promosheni. Nilibandika sparadra juu yake na kuandika kwa bik: "Ubuntu 20.04 tu." Wiki iliyopita ilirudi mikononi mwangu. Kuna mtu alikuwa amekata 20.04 na kuandika 22.04 pembeni. Nikafungua kuangalia. Folda ilikuwa ileile.